Mashine Inasema Umelala

Baba Mkubwa ni dereva wa lori la trela, na kazini wanamwita Konokono. Hakasiriki. Anasema hajawahi kusikia konokono amepinduka. Ameshika usukani tangu sijazaliwa, na kitu anachokiogopa barabarani si polisi, si mvua, wala si breki. Ni usingizi.

"Usingizi hauna adabu," hutuambia mezani. "Haupigi hodi. Unashtuka umeshakaa sebuleni, na wewe ndiye mgeni."

Mkewe, Mama Mkubwa, anashona. Cherehani yake iko karibu na geti la yadi ya malori, na kazi yake kubwa ni mapazia ya kabini, yale mazito meusi ambayo dereva akiyavuta mchana, ndani panakuwa usiku. Nilipoacha shule niliingia kwenye kazi hiyo. Yeye anashona, mimi napanda kwenye kabini kupima na kutundika. Madereva hawanihesabu. Ukiwa na pini mdomoni, watu hudhani na masikio yamezibwa.

Zamani Baba Mkubwa alikuwa na kitabu cha safari, cha karatasi, anaandika mwenyewe ameendesha kutoka wapi mpaka wapi na amelala saa ngapi. Nje kidogo ya mji kuna mteremko mrefu ambao madereva wanauita Mkwe, kwa sababu humwendei mbio. Kabla yake kuna uwanja wa changarawe. Baba Mkubwa akifika pale macho mazito, anaegesha, anavuta pazia, analala mpaka atosheke. Akiamka ananawa uso, anaandika kitabuni vile ofisi inavyopenda kusoma, halafu anamshukia Mkwe kwa gia ndogo, lori likiguna kama mzee anayeshuka ngazi. Kitabu kilikuwa na uongo, ndiyo. Lakini kila aliyekisoma alijua kina uongo, kwa hiyo hakuna aliyekiamini kuliko mtu.

Kisha zikaja mashine. Ni kisanduku chenye kioo, kinakaa kwenye dashibodi. Unachomeka kadi yako, na lori likiwaka kinaanza kuhesabu. Ukiwa na saa za kuendesha unaonekana kijani. Zikiisha, mwekundu. Ofisini nao wanaona hayo hayo kwenye kioo chao kikubwa.

Siku hizo za mwanzo nilikuwa natundika pazia kwenye lori la kijana mmoja anayeitwa Bwana Harusi, maana haendeshi bila shati lililopigwa pasi. Chini ya mlango yeye na Baba Mkubwa walikuwa wanabishana.

"Mimi naipenda," Bwana Harusi alisema. "Mzee unalilia kitabu chako, umesahau? Ofisi inakupigia, 'Andika umelala, twende.' Unaandika umelala, macho yamekuwa nyanya. Sasa wakipiga nawaambia, ongeeni na mashine, mimi simo."

"Na foleni?" Baba Mkubwa akauliza.

"Foleni gani tena?"

"Ya kiwandani. Kutwa unasogea hatua ya kuku, injini inawaka, mashine inakula saa zako. Ukimaliza kupakia, siku imekwisha na hujatoka hata getini. Kilichobaki ni kukimbia. Mimi Konokono nikimbie? Na kwenye ule uwanja nitalala saa ngapi?"

"Mzee, sogea na dunia."

"Dunia inasogea, baba. Mimi ndiye niko kwenye foleni."

Walicheka mpaka fundi breki akatoka chini ya trela kuuliza kuna nini. Hata mimi nilicheka, pini zikanidondoka.

Dawa ya foleni aliigundua Bwana Harusi huyo huyo. Kwenye kisanduku kuna kitufe chenye picha ya kitanda, unakibonyeza unapokwenda kupumzika. Alikuta kwamba lori likijikokota polepole sana, kama wanavyojikokota kwenye foleni, mashine haishtuki. Kwa hiyo unabonyeza kitanda, unasogea, unapiga gumzo, unagombania nafasi na wenzako, na mashine inaandika unalala. Jioni unatoka pale saa zako zimerudi zote, mbichi.

Yadi nzima ikaijua. Baba Mkubwa alikataa. Akaendelea kukataa. Lakini wenzake wote walikuwa wakitoka kiwandani kijani, yeye peke yake mwekundu, na ofisi ikaanza kumuuliza kwa upole kama uzee umefika. Mwisho naye akabonyeza.

Tangu hapo nyumba yetu ilibadilika hewa. Nilishusha pazia la lori lake nikalifue, nikakuta mikunjo ya pasi bado ipo, mikali, kama siku nilipolitundika. Halikuwa limevutwa hata mara moja. Nilimpelekea Mama Mkubwa. Akaipitisha ile mikunjo kwenye vidole, mmoja mmoja.

Jioni moja Baba Mkubwa alisinzia mezani, kijiko mkononi. Hatukumwamsha. Ghafla mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kwa nguvu, vyombo vikaruka, maji yakamwagika.

"Unafanya nini?" Mama Mkubwa akauliza.

Alimtazama kama hamjui. "Nilikuwa nashuka," akasema.

Mama Mkubwa alifuta meza, akaendelea kufuta hata ilipokuwa imekauka.

Siku yenyewe tulikuwa ofisini, mimi na Mama Mkubwa, tunatundika pazia dirishani kwa sababu jua la alasiri lilikuwa linapiga kioo kikubwa. Msimamizi wa safari ni kijana mpole, anaamkia watu wazima hata akiwa na haraka. Baba Mkubwa aliingia, lori lake limepakiwa limesimama nje. Nyuma yake akaja Bwana Harusi. Wote wawili walikuwa wametoka kwenye foleni, ila lori la Bwana Harusi halikufikiwa kupakiwa.

"Shikamoo, mzee. Mzigo unasubiriwa sana kule. Uko kijani, nenda tu."

"Marahaba. Mwanangu, sijalala."

Msimamizi alitabasamu, akageuza kioo kidogo. "Mzee wangu, umelala kutwa. Hii hapa, tazama mwenyewe."

"Naona."

"Sasa?"

Bwana Harusi, mlangoni, alitikisa kichwa kidogo sana. Usiseme. Nilimwona, na Baba Mkubwa alimwona. Nilijua anachopima. Akisema, kazi imekwenda, na yadi nzima imeungua pamoja naye. Asiposema, anamwendea Mkwe na macho yale.

Mama Mkubwa alikuwa juu ya stuli, pazia mabegani kama aliyebeba mtoto. "Sema, baba," akamwambia.

"Nilibonyeza kitanda," Baba Mkubwa alisema. "Nikiwa kwenye foleni, nasogea. Sikulala leo, sikulala jana. Ukinituma sasa, hutaniona tena."

Msimamizi hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa saa ya ukutani ni picha tu imechorwa. Alinyoosha mkono, Baba Mkubwa akampa kadi.

"Hili nitaliripoti, mzee. Sina jinsi. Wako wangapi wanaofanya hivyo?"

"Mimi nimejisemea mimi."

Msimamizi akageuka. "Na wewe?"

"Mimi?" Bwana Harusi alinyoosha kola ya shati. "Mimi nililala, bosi. Kama gogo."

Kadi yake ilichomekwa kwenye kisomeo cha mezani. Kijani. Akapewa lori la Baba Mkubwa, na mzigo wake, na safari yake. Nilingoja msimamizi amtazame machoni. Alitazama kioo.

Nje, Baba Mkubwa alimshika mkono kwenye ngazi ya kabini.

"Ulikuwa nyuma yangu kwenye ile foleni. Nimekuona ukisogea."

"Mzee, umeshajichoma. Usinichome na mimi. Nina kichanga ndani."

"Basi pale uwanjani simama. Lala, hata kidogo. Wakikuuliza, sema tairi."

"Nitasimama."

"Niapie."

"Ah, mzee bwana! Nitasimama, nimekwambia." Alicheka, akapanda, akarudisha kiti nyuma kwa sababu ana miguu mirefu kuliko Baba Mkubwa.

Mama Mkubwa alitaka twende nyumbani. Baba Mkubwa akasema nendeni, akarudi ofisini, akaketi kwenye stuli mbele ya kioo kikubwa. Basi na sisi tukabaki. Msimamizi hakumfukuza. Kwenye kioo kulikuwa na ramani, na nukta moja ya kijani ikitambaa kwenda nje ya mji. Pembeni yake namba ya mwendo.

"Yuko vizuri," msimamizi alisema.

Nukta ikapita kituo cha mafuta. Ikapita njia panda.

"Uwanja wa changarawe ni hapa?" Baba Mkubwa aliuliza, kidole kikiwa karibu kugusa kioo.

"Ndiyo."

"Amesimama?"

"Hapana. Amepita."

Baba Mkubwa alimpigia simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Namba ya mwendo ilikuwa inapanda, pole pole, kama maji kwenye ndoo.

"Huyo hajashika gia," Baba Mkubwa alisema. "Pale unashuka kama umebeba mayai. Lori linajiendea lenyewe."

"Lakini hajavuka mwendo wa sheria," msimamizi alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Na bado ni kijani, mzee."

Baba Mkubwa hakuwa anamsikiliza. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu ya ofisi. Alikuwa ameshapiga namba nyingine, ya fundi wa matairi anayefanya kazi chini kabisa ya Mkwe, penye kona na vibanda vya wauza matunda.

"Fundi, ni mimi Konokono. Usiniamkie. Ondoa watu kwenye kona. Wote. Acha matunda, ondoa watu!"

Aliiweka simu mezani, sauti wazi. Tulisikia fundi akipiga mayowe, mwanamke akimuuliza kama amerukwa na akili, viatu vikikimbia kwenye changarawe. Kisha honi. Honi ndefu, isiyokatika, ikija kutoka juu.

"Ameamka," Baba Mkubwa alisema. "Amechelewa, lakini ameamka."

Mlio uliofuata siwezi kuuandika. Mama Mkubwa alinivuta akaniziba masikio, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kioo, na pale hakukuwa na chochote kilichobadilika ila namba, iliyokuwa sifuri.

Simu haikukatika. Ilipita muda, watu wakilia na kuitana majina kule chini, mmoja mmoja, wakijihesabu. Kisha fundi akarudi, anahema.

"Konokono? Vibanda vimekwisha. Watu wapo wote. Na kijana wako tumemtoa, yuko hai, mguu mmoja umevunjika vibaya."

Msimamizi alikaa chini.

"Anasema nini?" Baba Mkubwa akauliza.

"Haeleweki. Anauliza hapa ni wapi."

Baba Mkubwa aliinamia simu, mikono miwili juu ya meza.

"Mwambie yuko chini," akasema. "Mwambie asisogee."