Siku Nilipoyatafsiri Mawingu ya Nyota

Mwalimu mkuu aliponiita mbele ili nitafsiri, nilipaswa kukataa. Binti yangu, aliyekuwa akihangaika na nyaya za projekta, alinitikisia kichwa nisinyanyuke. Nilimwona vizuri. Nikaenda.

Ilikuwa sherehe ya klabu ya anga katika shule anakofundisha fizikia, chini ya mlima Wanale kule Mbale, mashariki mwa Uganda. Alikuwa amemwalika mwalimu kutoka Kenya mwenye darubini yake mwenyewe. Wazazi wakikubali, wasichana wa klabu wangelala mlimani usiku mmoja waione nebula, yaani mawingu ya nyota, kwa macho yao, kisha darubini ibaki shuleni. Kilichohitajika ni ruhusa ya wazazi tu. Mgeni alizungumza Kiswahili, wazazi Lumasaba, na mkalimani aliyepangwa alikuwa anaumwa tumbo.

Mimi nilikuwa askari magereza Mbale miaka mingi, lugha zote mbili ninazo. Shida ni kwamba tangu nistaafu na kurudi Jinja, nimekuwa nikiwatafsiria wahubiri wageni kanisani Bugembe. Kanisani mkalimani hatafsiri tu. Mhubiri akisema neno moja, wewe unaongeza matatu na kurukaruka kidogo.

Picha ya kwanza ilipotokea ukutani, nilibaki mdomo wazi. Wingu jekundu na buluu, kama moshi wa jikoni unapopigwa na jua kupitia tundu la bati, ila mgeni alisema jua letu na sayari zake zote zingepotea humo.

"Hii ni gesi na vumbi," alisema. "Ndani yake nyota zinazaliwa."

Nikatafsiri. "Hiyo ndiyo leba ya nyota," nikaongeza, na akina mama wakacheka. Utamu ukanipanda kichwani.

"Mwanga huu uliondoka huko kabla mababu wa mababu zetu hawajazaliwa," akasema mgeni.

Nikapaza sauti: "Mnachokiona hapa ni mwanga wa wafu."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Afande, kwa hiyo watoto wetu wanapelekwa mlimani usiku kumulikwa na wafu?"

"Msiogope, mama. Wafu wenyewe wako mbali sana. Hawawezi kufika kabla ya asubuhi."

Mgeni akaninong'oneza, "Mzee, wanasemaje?"

"Wameguswa," nikamjibu.

Akafurahi, akaweka picha nyingine, wingu jeusi lenye umbo la kichwa cha farasi. Hapo baba mmoja akamshika bintiye mkono, wakatoka. Binti yangu alichukua kipaza sauti akaanza kueleza upya, kwa upole, lakini wazazi walikuwa tayari wanakusanya mikoba yao.

Hakuna aliyetoa ruhusa. Mgeni aliipakia darubini kwenye gari, akarudi nayo Kenya.

"Baba, nilikutikisia kichwa," binti yangu aliniambia tulipobaki wawili.

"Nilikuona."

"Sawa."

Klabu ilikufa muhula uleule. Binti yangu bado huja kunitembelea nyumbani Mpumudde, hapa Jinja, hunipikia, huniuliza habari za magoti. Zamani alikuwa akinisimulia kila alichofundisha, hadi chakula kinapoa. Siku hizi nikimuuliza habari za nyota, husema kazi inaendelea vizuri, kisha hukusanya sahani. Wasichana wale waliikosa darubini kwa sababu yangu, na mimi nimeyakosa mazungumzo ya mwanangu.