Isale Kwenye Bustani ya Majengo

Chumba chetu cha Majengo kilinuka mafuta ya taa na nguo zilizokataa kukauka. Dirisha lilikuwepo, lakini mama alikuwa amelifunga tangu tulipohamia, baada ya baba kufa na Baba Mdogo kututoa kwenye kihamba, shamba la ukoo kule mlimani. Ilikuwa miaka ile watu waling'oa mibuni iliyokosa bei wakapanda nyanya, na ugonjwa uliomuua baba ulitajwa kwa kunong'ona. Mama hakutaka kuonekana. Nikitoka shule ananiingiza ndani, komeo linalia, nami nakaa kunyoosha shuka, kona kwa kona, nikianza upya kila lilipokunjamana. Niliamini likinyooka sawasawa mama ataongea.

Aliyetutoa mle chumbani ni jirani yetu Mama Zuhura, mjane kama mama. Yeye na wenzake walikuwa wamesafisha jalala nyuma ya nyumba wakapanda mchicha na mnafu, kila mmoja anamwagilia, kila mmoja anachuma. "Mama Neema, sikuombi uje kulima," alisema mlangoni. "Njoo utuonyeshe mnafu ni upi. Sisi watu wa mjini tutakuja kupika magugu." Mama akacheka, kicheko kifupi kama chafya, na kesho yake akatoka. Bustanini hakuna aliyeuliza mume wa mtu alikufa na nini. Mtu akilia huku anapalilia, wenzake wanaendelea kupalilia karibu naye. Mimi nilipewa miche. Nilivuta kamba ili mistari inyooke, na mche ukiinama naung'oa na kuupanda tena, mpaka unakufa. "We mtoto, uache ulale, utaamka wenyewe!" alifoka Mama Zuhura. Siku zile mama alianza kulala dirisha likiwa wazi.

Kisha Baba Mdogo akaja. Alivaa koti lake la kanisani, na mkononi alishika tawi la isale, jani moja limefungwa fundo. Kwetu Wachagga isale ni ombi la msamaha. Ukiletewa hukatai, hata aliyelileta awe amekufanya nini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. "Shemeji, nimekosa," alisema. "Rudi nyumbani. Wazee wamekaa, wamesema nikutunze mimi." Alikuwa na mke tayari. Hata mimi mtoto nilijua kutunzwa kule maana yake ni kurithiwa.

Mama Zuhura, ambaye si mtu wa mlimani, hakuona uzito wa jani lile. "Mangi, ua lako zuri, lakini sisi tuna shida ya mbolea!" alisema, akimwita jina ambalo mjini humwita Mchagga yeyote. Wanawake wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alilipokea isale kwa mikono miwili, nami nikajua tumekwisha.

"Nimekusamehe," alisema. Kisha akapiga magoti, akachimba mahali njia ilipoingilia bustanini, akalipanda isale lile mbele ya viatu vya Baba Mdogo, akashindilia udongo kwa kiganja. Maana kwetu isale ndilo hilohilo linalopandwa mpakani, na penye isale mtu havuki. "Asante kwa kunipa mpaka, shemeji," alisema, akiwa bado amepiga magoti. Baba Mdogo aligeuka akaenda zake.

Leo mama anauza miche na anaongea kuliko redio. Wanaomjua hunihimiza niandike kwamba siku ile tulifunguliwa, na kwake ni kweli. Lakini baba amezikwa kihambani, na mpaka ule ulitukata sisi pia; tangu mazishi sijaliona kaburi lake. Kuandika hadithi nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma magazeti ya kufungia vitumbua, na aya hii nimeifuta kuliko zote, nikitaka iishie nikiwa nimesimama pale kaburini. Haikubali. "Neema, nenda tu," mama huniambia. "Ule mpaka niliuweka mimi, haukuhusu wewe." Basi navaa, nashuka mpaka stendi, nauliza gari la mlimani, naonyeshwa. Nasimama pembeni yake nikinyoosha kola ya shati, mpaka gari linaondoka.