Taa ya Radi Yaingia Kwenye Pipa

Mafundi wengine hufungua milango wapate mwanga wa kufanyia kazi. Yeye hufunga. Akishamaliza kutengeneza tochi ya kuzamia, hushusha mlango wa karakana, huziba upenyo wa chini kwa gunia, kisha huketi na tochi yake gizani kama mtu anayemhoji mwizi. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Giza, na mteja mgeni akitajiwa jina hilo husita kidogo kabla ya kuingia.

Wateja wake wakubwa ni wazamiaji wa idara ya maji. Mji unakunywa maji ya pango lililofurika nyuma ya machimbo ya mawe, na chujio la pampu liko ndani kabisa, mahali ambapo jua halijawahi kutia mguu. Likiziba, watu huingia kulisafisha. Mle ndani mtu hashiki njia kwa macho, hufuata kamba. Na kamba bila taa haionekani.

Mmoja wa wazamiaji hao ni mdogo wake Mama Giza, kitinda mimba, aliyepewa jina la Radi kwa kupenda kila kinachong'aa. Safari hii chujio lilipoziba, aliomba atangulie mbele ya wenzake kwa mara ya kwanza. Mkuu wa wazamiaji hapendi kugombana na vijana, wala kuwazika. Akamjibu, "Taa yako ikipita kwa dada yako, tangulia."

Radi akafika karakana na tochi ya halojeni ya wati hamsini, na betri ya asidi nzito kama tofali.

"Dada, wewe ipitishe tu. Hii ikiwaka, samaki wanadhani kumekucha."

"Mle pangoni hamna samaki."

"Basi watahamia."

Mama Giza akatoa ya kwake: balbu ya LED ya wati kumi, mwanga mwembamba kama fimbo, betri ya lithiamu. Radi akaigeuza geuza.

"Hii ni ya kutafutia sindano chini ya kitanda."

"Na sindano inaonekana. Yako itaonyesha kitanda tu, mdogo wangu."

Mama yao, ambaye hupitisha mchana kwenye kiti kando ya mlango akikosoa wapita njia, akauliza kama tochi hizo zinakwenda kuzamia au zinatafutiwa wachumba, maana sifa zimezidi.

Mama Giza alijaza pipa maji, akafunga kamba nyembamba ndani, kwenye kitako chake, akakoroga humo konzi mbili za udongo. Kisha akashusha mlango. Radi akawasha yake. Pipa zima likawa jeupe, kama gari lililowasha taa kubwa ndani ya ukungu.

"Nionyeshe kamba."

"Ngoja udongo utulie."

"Ukishapiga tope teke kule ndani, utaliambia litulie?"

Mama Giza akawasha ya kwake. Fimbo ya mwanga ikapenya, na kamba ikaonekana, hafifu lakini ipo.

"Hayo ni maji ya pipa," Radi akasema. "Tupime betri."

Dada yake akakubali. Kanuni yake ni kwamba taa iweze kuwaka safari nzima, na nusu ya safari juu yake. Akaziwasha zote mbili ndani ya maji, akafunika pipa. "Nikueleze na ubaya wa yangu," alisema. "Betri ikiisha haikuagi, inazima kama iliyokatwa. Yako ina adabu, inageuka manjano kwanza. Kwa hiyo lazima mtu abebe mbili ndogo za akiba, kila moja na betri yake." Akatoka kwenda kutafuta mipira ya kuzuia maji. Mama alikuwa ameshasinzia.

Alasiri Radi alifunua pipa, akakuta taa yake imekuwa ya rangi ya chai, na ya dada yake inawaka vilevile. Akaitoa, akafungua begi, akachomeka betri ya pili aliyokuja nayo kimyakimya, akawasha. Mwanga ukarudi wote. Hapohapo akasikia kandambili za dada yake. Kwa haraka akaisukuma tochi, inawaka hivyohivyo, chini ya taulo lililokuwa kwenye stuli, akaikalia.

Sasa, balbu ya namna ile hupozwa na maji. Hewani ni jiko.

Mama Giza aliingia, akatupia jicho pipa na begi lililo wazi, akanusa, akavuta kiti na kuketi taratibu. Akaeleza foleni ya dukani. Akaeleza mpira wa kwanza aliouona, na kasoro zake, halafu wa pili.

"Mbona hutulii, bwana mdogo?"

"Nimetulia."

"Shemeji yako anakusalimu. Anauliza utakuja lini tukae, tuzungumze kwa nafasi."

"Nitakuja, dada."

"Ukija, utakaa?"

Mama yao akafumbua jicho moja. "Mwache mtoto ainuke, anaiva."

Radi aliruka, akaitumbukiza tochi kwenye pipa. Kioo cha moto kilipokutana na maji ya baridi, kilipasuka kwa mlio uliomleta jirani mlangoni. Dada yake hakucheka, ingawa kidevu kilimcheza.

"Niazime yako," Radi akasema baadaye, amesimama. "Nitangulie nayo. Mkuu hatajua."

"Leo ilipofifia umenificha mimi. Kule ndani utamficha nani, na nyuma yako watu wanafuata mwanga wako?"

Radi akachukua simu, akampigia mkuu mwenyewe. "Taa haikupita. Na nilibadilisha betri kwa siri. Niweke nyuma."

Kesho yake aliingia wa mwisho, na tochi ya dada yake mkononi na mbili ndogo kifuani. Mama Giza, ambaye huwa haendi pangoni, alikaa juu ya jiwe karibu na maji, akimwambia kila aliyeuliza kwamba amekuja kukagua betri. Maji yalipoanza kung'aa kutoka chini alihesabu taa: ya mkuu, ya pili, kisha giza kwa muda ambao hakuupenda. Ya tatu ilipochomoza, nyembamba na imara, akainuka, akapangusa sketi, akaondoka kabla mdogo wake hajatoa kichwa na kumwona.