Hodi Tatu

Nilikuwa natengeneza sehemu ndogo ya mfumo endeshi wa kompyuta, ile inayoamsha diski mashine inapowashwa. Niliiandika hivi: iite diski mara tatu, isipoitika, achana nayo. Mara tatu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa Bagamoyo: unapiga hodi tatu, usipojibiwa unarudi zako bila kununa.

Kwenye kompyuta mpya kazi ilikwenda vizuri. Kwenye zile kuukuu za shule moja kule Msata, haikuonekana diski hata moja. Nilishinda pale kutwa nzima nikizitukana: diski mbovu, diski viziwi!

Wakati wa kurudi nikapitia kwa mama. Nikapiga hodi zangu tatu, kimya. Nimeshageuka kuondoka, mama akatokea mlangoni, kanga ya kusalia bado kichwani, amekasirika kuliko mimi.

"Hodi gani hizo za kufukuzana? Ukipiga moja, unangoja mtu amalize sala, atoe salamu kwanza. Nilikuwa kwenye sala!"

"Shikamoo, mama," nikasema, huku nikizikumbuka zile diski. Hazikuwa mbovu. Kwa uzee wao zilihitaji muda wa kuanza kuzunguka, nami nilikuwa nimeziita mara tatu kufumba na kufumbua.

"Marahaba. Ingia ule."

Nikaweka sekunde tano kati ya wito na wito, na diski zote zikaitika. Wenzangu kazini waliuliza sekunde hizo za nini. Jibu nimeliandika palepale, juu ya mstari wenyewe wa programu: "Subiri, huenda anasali."