Wimbo Hauimbwi Mikono Mitupu

Nakumbuka Jumatatu moja ya baridi kali, mwanangu, mwaka 2017, katika ukumbi wa ghorofani Marshalltown, Johannesburg. Chini yetu wachuuzi walipanga soksi na kofia za sufu kando ya njia. Mvi zangu bado zahesabika, usicheke. Jukwaa huzeesha watu kwa kalenda yake, ndiyo maana nakuita mwanangu ingawa sikukuzaa. Siku hizo nilikuwa msichana wa Tanga mwenye sauti nzuri na haraka nyingi.

Tulikuwa tukifanya mazoezi ya mchezo wa nyimbo, habari za wanawake walioachwa vijijini waume zao walipokwenda kuchimba dhahabu. Mwongozaji wetu, Mama Thandeka, alitaka mahali pamoja mwanamke abaki peke yake jukwaani, ambembeleze mtoto kwa wimbo wa kwao. Kila mmoja wetu alileta wake. Mimi nikaimba ule wa mama yangu:

Nani kakuliza, mwezi wa nyumba yangu?
Njoo uyafute machozi kwa pindo la kanga yangu.

Wenzangu wakasogea karibu. Kisha nikanyamaza, maana beti zilizofuata zilikuwa zimenitoka.

"Mtoto kashalala?" akauliza Mama Thandeka.

"Bado."

"Eish! Sasa mbona umemwacha?" Wenzangu wakaangua kicheko. "Ijumaa niletee wimbo mzima. Usipouleta, nafasi nampa mwingine."

Nafasi ile niliitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji. Ndiyo iliyonitoa kwetu. Nilirudi kwa miguu hadi Berea, nilikopanga chumba, na kwenye kila robot nyekundu, ndivyo waitavyo kule taa za barabarani, nilisimama nikitafuta ubeti wa pili kichwani, nisiupate. Mama nilikuwa sijamwona tangu nilipoondoka, na nilimpigia simu kwa nadra, tena mbiombio. Si kwamba sikumkumbuka. Nilimkumbuka mno. Nikisikia sauti yake koo lilinikaza, na mwimbaji huogopa koo linalokaza.

Jioni ile nikampigia.

"Mama, niimbie ule wimbo wa kubembeleza. Nina haja nao."

"Una mtoto mikononi?"

"Mama! Mtoto nimtoe wapi? Wewe imba tu, nakusikiliza."

"Basi siimbi. Simu haina mgongo wa kupigwapigwa. Mkono mtupu haulambwi, Mwanaidi, na wimbo huu hauimbwi mikono mitupu. Bibi yako alituonya, ukiuimba bila mtoto unauita usingizi usio na mwenyewe. Katafute mtoto."

Akakata. Mama yangu alikuwa mtu wa kukata simu.

Chumba cha pili aliishi Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, wakati huo akimsuka mteja huku mwanawe mchanga, Furaha, akilia kando yake. Nilipomweleza, alicheka hadi kitana kikamponyoka.

"Kamata huyu, dada! Tangu asubui iko nalia tu. Mama yako akimulalisha, nitakusuka bure."

Nikamweka Furaha begani, nikampigia mama tena, nikaiweka simu kwa sauti ya juu. Mama aliposikia kile kilio, sauti yake ikabadilika. Akaimba. Akaimba beti nilizozisahau, na nyingine nadhani alizitunga palepale, kwa ajili ya mtoto wa Bukavu asiyemjua. Mteja akafumba macho. Kichwa cha Furaha kikawa kizito shingoni pangu.

"Kalala?"

"Kalala, mama."

"Na wewe je? Unalala huko?"

"Nalala vizuri tu," nikajibu upesi, nikaaga kabla beti hazijanitoka tena.

Ijumaa niliingia ukumbini na Furaha kifuani, mama yake akinifuata, anasema hawezi kukosa sinema ya bure. Niliimba mpaka mtoto akalala. Mama Thandeka hakupiga makofi, asije akamwamsha. Alininong'oneza tu, "Sharp. Ni yako."

Nikateremka barabarani. Wachuuzi walikuwa wakikunja maturubai. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, mwanangu, na katika umati ule wote hakuwepo aliyeijua sauti yangu tangu ilipokuwa kilio tu. Nikaketi kwenye ngazi, nikapiga simu.

"Mama, nimepewa."

"Alhamdulillahi!"

Hapo ilinipasa nicheke kwa furaha. Badala yake nikasema, "Mama, silali."

Hakuniuliza kwa nini. Akaanza ubeti wa kwanza, polepole. Muuza kofia akapunguza redio yake.

"Mama," nikamkatiza huku nalia, "mikono mitupu?"

"Nani kakwambia mitupu?"

Akaendelea hadi mwisho. Koo lilinikaza, kisha likalegea, na tangu siku hiyo sijaliogopa.

Mwanangu, wewe unayefunga begi kwenda miji ya watu, jifunze kazi yako mpaka ubeti wa mwisho, maana jukwaa halimhurumii mwenye nusu. Lakini usipige simu nyumbani kwa ajili ya kuchota tu na kuondoka. Kaa mpaka uulizwe, na ukiulizwa jibu kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, na upweke nao ni maradhi. Anayekupenda haombi habari za ushindi wako peke yake. Anataka kujua kama unalala.

Nenda. Mungu akupe ukumbi uliojaa na koo lisilokauka. Akupe usingizi wenye mwenyewe, na popote utakapolala, pawepo mahali penye mikono miwili inayokuhesabu kuwa umo ndani yake. Amina.