Vijiti vya Mpini wa Jembe

Siku niliyotumwa Voi kununua spana naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Siku ya harusi niliinamisha kichwa muda wote kama bibi harusi alivyotakiwa, nikaona viatu vya watu tu. Siku ya spana niliinua macho. Nimeambiwa umenunua pikapu ya zamani, unataka kuifufua kwa mikono yako mwenyewe, na sasa unauliza ununue boksi gani la vifaa. Basi kaa hapa. Nitakueleza nilivyochagua vifaa mimi, mtu ambaye hadi siku hiyo sikuwa nimeshika hata bisibisi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimeolewa Werugha juzijuzi tu. Mume wangu, Mwadime, alikuwa dereva katika shamba la mkonge kule Mwatate. Shamba lilipouza pikapu yake kuukuu, Mwadime aliuza ng'ombe aliopewa na baba yake akainunua. Hakumuuliza mzee. Alisema atamwonyesha pikapu ikishaanza kubeba kabichi, na mzee atafurahi mwenyewe. Vijana huwa mnapenda sana mipango ya namna hiyo.

Mzee hakufurahi. Baba mkwe wangu, Mzee Mghanga, alikuwa amefanya kazi ya reli Voi miaka mingi, na ng'ombe wale ndio waliokuwa jasho lake. Habari ilipomfikia alituma neno moja tu: asiitwe baba na mtu aliyebadilisha ng'ombe na bati. Baada ya hapo akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa nyumbani kwa dada yake karibu na stesheni. Daktari alisema apumzike, basi. Mzee mwenyewe alisema anataka nyumbani, lakini basi liliishia Mwatate, na mtu wa miguu ile hapandi mlima wa Werugha. Machela aliikataa, akasema hajafa bado. Pikapu ya mwanawe ndiyo hakutaka hata kusikia ikitajwa.

Nikuambie kilichotunyima usingizi. Kwetu, mzazi akiwa na hasira na mtoto wake, hasira hiyo haikai kifuani mwake peke yake. Inatoka, inaingia nyumbani, inaharibu. Dawa yake ni kutasa: mzee anachukua funda la maji, anayapuliza nje kwa mdomo huku akisema maneno ya kuitoa, na mambo yanaisha. Lakini lazima ayapulize mwenyewe, na kwa moyo wake. Akifa kabla, hakuna wa kumfanyia. Jumapili tulikwenda kanisani kama kawaida, tukaimba, lakini mama mkwe aliporudi alikaa jikoni akichochea moto usio na chungu, nami nilijua anawaza nini.

Na pikapu yenyewe ilikuwa haiendi. Pampu ya maji ilivuja, injini ikachemka kwenye kona ya kwanza. Mwadime alijua cha kufanya: afungue pampu, akate gaskiti mpya ya kuziba maji, aifunge tena. Spana aliyokuwa nayo ni moja, ile inayopanuka na kubana, ambayo mafundi wameipa jina baya kwa sababu inakubali kila nati. Jina lenyewe utaliuliza gereji, si kwangu. Akaishika nati ya kwanza, spana ikateleza, ikala pembe zote. Nati ikabaki mviringo kama kokwa ya zambarau. Mwadime akakaa chini kwenye matope na kushika kichwa.

"Mkawasi," akaniambia, "kesho ukimpelekea baba chakula, pita dukani. Ninunulie boksi la spana. Lile jipya linalong'aa."

Mama mkwe alikuwa akichambua mboga mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Ukienda kutafuta mpini, jembe unaliacha nyumbani?" akaniuliza.

Kila mwanamke wa milimani anajua kwamba hakuna anayekwenda kwa mchonga mipini mikono mitupu. Unabeba jembe lako lenyewe, kwa sababu tundu la jembe hili si tundu la lile, hata kama yametoka duka moja.

"Mama, haya ni magari," Mwadime akasema.

"Nati zake zote ni sawa?"

Mwadime akakuna shingo. Hapo ndipo alipotueleza kwamba fundi wa shamba alikuwa akiziba pikapu ile kwa chochote alichopata. Nati nyingine zilikuwa za Kiingereza, zilizokuja nayo. Nyingine zilitoka kwenye lori la Kimarekani lililoachwa na jeshi baada ya vita. Vipimo vyao havilingani, na tofauti yake ni ndogo, jicho haliioni. Spana ya huku ikiivaa nati ya kule, inalegea kidogo tu, halafu inaila pembe.

"Basi mwenzako atabeba jembe," mama mkwe akasema.

Nati zenyewe hazikutoka, kwa hiyo nilibeba upana wake. Nilichukua vipande vya kibuyu kilichovunjika, nikachonga pengo kwenye kila kipande mpaka likaivaa nati bila kucheza. Kisha nikachonga kijiti kilichoingia katika pengo hilo bila kucheza. Upana wa kijiti ndio upana wa nati. Nilianza na mlingoti wa mkonge, maana ni laini na kisu hakisumbuki. Mama mkwe akachukua kijiti changu cha kwanza, akakibonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama.

"Hiki kitakubaliana na kila spana utakayowekewa," akasema. "Unataka kitu cha kukubishia."

Akaingia ndani, akanyoosha mkono juu ya moto, kwenye dari, akatoa mpini wa jembe uliovunjika, mweusi kwa moshi, mgumu ajabu. Nilijiuliza kwa nini mtu atunze mpini uliovunjika, lakini nilikuwa mgeni katika nyumba ile, na mgeni haulizi sana. Nilichonga mchana kutwa. Viganja viliota malengelenge na Mwadime alinicheka, kisha akaja kushika upande wa pili.

Voi ilikuwa jua na vumbi jekundu kama kawaida yake. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitandikia boksi juu ya kaunta. Mwanangu, lilikuwa zuri. Spana zimelala ndani kwa ukubwa wake, zinameremeta, na moyo wangu ulilitaka. Ningeingia nalo Werugha kichwani na watu wangetoka majumbani kutazama.

Nikafungua kitambaa changu, nikaanza kujaribu vijiti katika midomo ya spana. Cha kwanza kikacheza. Cha pili kikakataa kuingia. Kimoja tu ndicho kilichopata mwenzake.

"Mama, wewe nanunua spana ama nachokoa meno?" mwenye duka akaniuliza, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Nilicheka nao, maana kweli nilichekesha. Lakini sikufunga kitambaa. Aliponiona naendelea, akakichukua kijiti kimoja, akakitazama chini ya miwani, akatia mkono nyuma ya kaunta na kuvuta debe la spana kuukuu, za jeshi na za wapi sijui, nyingine zimeshika kutu. Tulichagua pamoja, na mwisho alikuwa na hamu kuliko mimi. Kila kijiti kikapata mwenzake. Boksi nikaliacha pale linang'aa, na sitakudanganya, niligeuka kulitazama mlangoni.

Nikaenda kwa baba mkwe. Nilimkuta barazani, miguu imewekwa juu ya mto, uso umekonda. Nilimwekea chakula, akala kidogo. Kisha macho yake yakaenda kwenye furushi langu, ambalo lilikuwa likitoa sauti ya chuma kila nikilisogeza.

"Ni nini hicho?"

"Spana, Baba. Za ile pikapu."

Akageuza uso ukutani. Nilikaa pale nikisikia garimoshi likipumua stesheni, sijui niondoke au nibaki. Niliogopa, mwanangu. Niliona kama nimekuja kumzika kwa maneno yangu mwenyewe. Kwa kukosa la kufanya nikaanza kupanga vijiti kitambaani, kila kimoja kando ya spana yake, na kimoja kikaviringika mpaka kwenye mkono wake.

Akakiokota. Akakigeuza. Akakipeleka puani, akanusa ule moshi.

"Mti huu umeutoa wapi?"

"Mama amenipa. Ni mpini wa jembe, ulikuwa juu ya moto."

"Mpini huu niliuchonga mimi," akasema. "Mwaka niliomwoa mama mkwe wako. Ulivunjika Mwadime akiwa mdogo, nikadhani ulishakuwa kuni."

Akanyoosha mkono nimpe spana, nikampa. Mtu wa reli, mikono yake ilijua. Alivipima vijiti kimoja kimoja, polepole, akipumzika katikati ili pumzi irudi. Alipofika kwenye spana moja akasimama, akakitingisha kijiti ndani ya mdomo wa spana.

"Hii inacheza."

"Kidogo tu, Baba."

"Kidogo ndicho kinachokula nati. Rudisha, ubadilishe." Kisha akafumba macho, akalaza kichwa. "Sitaki mwanangu akwame mlimani nikiwa ndani."

Nilitoka pale mbio, na si kwa sababu ya spana. Alikuwa amemwita Mwadime mwanangu. Alikuwa amesema nikiwa ndani, ndani ya ile pikapu. Nililia njia nzima hadi dukani, na mwenye duka alifikiri nimeibiwa. Akanibadilishia, na akanipa glasi ya maji.

Pampu ilifunguka kama mlango wa nyumbani. Ile nati iliyoliwa peke yake ndiyo ilitaka tindo na nyundo, lakini nyingine zote zilishikwa, zikazunguka, zikatoka na pembe zake. Mwadime akaifunga pampu upya, akashuka Voi na pikapu, mimi na mama mkwe tukiwa nyuma. Tulimketisha mzee mbele, kando ya mwanawe, na tukapanda. Kila kona nilichungulia kuona kama kuna mvuke. Hapakuwa na mvuke. Wale wawili mbele hawakusema lolote tangu Mwatate, nami nikawa naomba kimoyomoyo mmoja wao akohoe angalau.

Tulipofika nyumbani mzee hakutaka kushushwa. Aliomba maji. Ya karibu yalikuwa kwenye debe la maji tuliyobeba kwa ajili ya injini, nikamtekea hayo hayo. Akatia funda kinywani, akatoa kichwa dirishani, akayapuliza juu ya boneti. Nilisikia yakichemka kwenye bati. Akasema hasira itoke, iende na maji, isirudi katika nyumba hii wala katika gari hili. Kisha akamwekea Mwadime mkono kichwani. Mwadime, mtu mzima mwenye ndevu, alilalia usukani akalia, na honi ikalia naye, na sisi nyuma tukacheka huku machozi yanatutoka. Sijawahi kutua mzigo mzito kama ule.

Wala hakufa. Miguu ilipungua na baridi ya kwetu, akaishi miaka, akazoea kukaa mbele kila siku ya soko akimwelekeza Mwadime namna ya kukata kona. Tulimchoka, kusema kweli.

Sasa nikuambie. Usianzie dukani. Anzia chini ya pikapu yako, mgongo kwenye udongo, ujue kila nati ina upana gani na ilitoka wapi. Chombo kinachokubali kila kitu usikitegemee, na kile kinachokaribia kutosha kiogope zaidi, kwa kuwa hicho ndicho kitakachokudanganya. Pima kwa kitu kigumu. Ukitaka ushauri pia, nenda kwa mtu ambaye ukucha wako hauzami ndani yake. Na kama kuna mzazi uliyemkasirisha kwa ajili ya hilo gari, maana nasikia yuko, usingoje pikapu iwake ndipo uende. Nenda na vipande vyako mkononi, umwombe akupimie.

Kijiti hiki chukua. Ndicho kilichoviringika. Leta kikombe hicho cha maji, inamisha kichwa. Kama kuna hasira yangu yoyote juu yako, itoke na maji haya; ya mwingine utaifuata kwake mwenyewe. Nati zako zifunguke na pembe zake, kona zikupokee, na kila unayempakia umfikishe kwao akiwa hai.