Jiwe la Kaka Kwenye Foleni ya Leseni

Kikundi chetu cha watafiti wa udongo kilikuwa na leseni moja tu ya programu ya hesabu, ya kutumiwa na mtu mmoja kwa wakati. Mimi nilikuwa Bungoma, kaka yangu mkubwa Kibomet, Kitale. Sote tulitumia daftari la kompyuta: unaandika hesabu kwenye ukurasa, kiini cha daftari kinakokotoa, jibu linatokea chini yake. Shida ni kwamba kiini kikiwashwa kilichukua leseni, na hakikuirudisha mpaka kizimwe.

Na kaka ni mtu wa foleni ya mbolea. Kwetu ukifika ghalani alfajiri unaweka jiwe mahali pako, unaenda zako, na hakuna wa kuligusa. Basi kila asubuhi aliwasha daftari, akaandika moja jumlisha moja, akaenda shambani. Leseni imekaliwa hadi jioni. Nilimkasirikia kweli kweli, na mimi nikikasirika hata sufuria zinajua.

Siku ya kutetea tasnifu yangu ilipokaribia, nikaketi nikakiandika kile kiini upya. Sasa kingeomba leseni pale tu hesabu inapoanza, na kuiachilia jibu likitoka. Nikamtumia kaka, naye akakiweka kwenye kompyuta yake bila kuuliza lolote.

Siku yenyewe wahadhiri waliikodolea macho skrini yangu. Mmoja akataka nikokotoe upya, mbele yao, matokeo ya mashamba ya Saboti. Nikikosa leseni, ningesubiri mwaka mwingine mzima. Nilibonyeza roho ikiwa mkononi. Grafu ikajichora kabla sijameza mate, na nikapita.

Nikampigia kaka kwa mbwembwe, nimsimulie jinsi nilivyomkomesha na jiwe lake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Si ungeniambia siku hizi leseni haishikiki?" akasema. "Leo nilikuwa nakushikia wewe, mtu asikuingilie. Nilingoja tu unipigie nikupishe. Tangu kukucha niko hapa kwa mashine, ati hata choo nimeogopa kwenda."

Hasira zote nilizomwekea ziliniisha, nikampenda kuliko hata hiyo shahada. Nikamwambia, kwa heshima zote, aende choo.